Mikarafuu Miwili Shambani kwa Bi Pili

Machi 2

Daftari hili nimepewa na msichana wa utafiti anayeitwa Raya. Amesema niandike lolote, siku yoyote, mpaka msimu uishe, kisha atakuja kulichukua. Nikamwambia niliishia darasa la sita. Akasema inatosha. Wanataka kujua watu waliohama wanakaaje na wenyeji, hasa sisi tunaoitwa raia wapya. Raya ni mtu wa Pemba. Naye hapa ni mgeni, ila mgeni mwenye gari.

Basi naandika. Jina langu Emmanuel. Nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, kule Mpanda. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Cheti cha uraia ninacho, nimekifunga kwenye nailoni. Mke wangu Anastasia na binti yetu wako Katumba. Mimi niko Kilangwa, kijiji cha juu huku milima ya Uluguru, mwaka wa pili sasa. Nabeba mikungu ya ndizi kutoka mashambani hadi magari yanapoishia. Siku isiyo na mzigo nalima vibarua.

Nina shamba la kuazima kwa Bi Pili, mjane wa hapa. Nililima vuli, sasa nalima masika. Nilimwambia Anastasia: nikivuna misimu miwili na shamba likiwa bado mkononi mwangu, njooni. Hilo ndilo ninalolisubiri. Mengine ni mizigo.

Machi 4

Mvua bado. Nimepanda mahindi na maharage kwenye udongo mkavu, kama wanavyofanya wenyeji. Wakikosea, tutakosea wote.

Machi 5

Leo mfungo siku ya nne. Jioni Bi Pili kaniletea sahani ya futari, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga. Nikamwambia, mama, mimi si Mwislamu. Akasema, "Nani kakuuliza? Kula, sahani nairudia kesho."

Machi 6

Mikungu, safari tatu. Futari: magimbi.

Machi 10

Leo Raya kanihoji. Tulikaa kwenye ngazi za zahanati, kishikwambi kikiwa mapajani mwake. Maswali yalikuwa mengi kuliko ya ofisa wa uraia.

"Ukiishiwa chumvi unakwenda kwa nani?"

"Kwa Bi Pili."

"Wenyeji wanakwitaje?"

Nikamwambia. Wengine Mrundi. Wengine Mkimbizi, hasa wakikasirika. Agustino, mbebaji mwenzangu, ananiita Mwisho wa Reli, maana kwake mtu yeyote wa magharibi katoka Kigoma. Agustino mwenyewe ni Mluguru wa Mgeta.

"Unaumia wakikwita hivyo?"

"Siku nyingine."

Akabonyeza. Nikaona kuna kisanduku cha siku nyingine.

Akauliza habari za shamba. Nikamweleza kuwa ardhi ya hapa ni ya ukoo, na ukoo wao hufuata upande wa mama. Bi Pili analima kwa kuwa mama yake alilima. Mtu wa nje akipewa kipande, kila mwaka hupeleka kitu kidogo kuonyesha anajua ardhi ina wenyewe. Wanaita ngoto. Mwaka jana nilipeleka kuku na debe la mahindi. Raya alifurahi kusikia neno ngoto, akaniomba nilirudie.

Tulipomaliza akafungua buti ya gari. Kila aliyehojiwa anapewa zawadi. Mimi nimepata miche miwili ya mikarafuu, imefungwa kwenye viroba vyeusi.

"Kwetu mkarafuu ni wa aliyeupanda," alisema, "hata kama ardhi ni ya mwengine. Utaacha mali kwa mtoto wako."

Nikashukuru. Ni mara ya kwanza serikali, shirika au chuo kunipa kitu ambacho hakiliwi siku hiyohiyo.

Machi 12

Mvua imeanza usiku wa jana, asubuhi udongo umelainika. Nimepanda miche yote miwili kwenye kona ya juu ya shamba, pale maji hayasimami. Nimeizungushia vijiti ili isikanyagwe.

Baba yangu alikaa Katumba miaka thelathini na nane bila kupanda mti hata mmoja. Majirani walipanda mipera, michungwa, yeye hapana. Alisema mti ni wa mtu anayekaa, sisi tunarudi. Tulikuwa tunaomba mapera kwa watu. Alikufa hajarudi. Wakati nafukia mizizi nilimfikiria, nikasema basi, mimi nakaa. Sikusema kwa sauti.

Machi 15

Mvua. Mizigo. Futari.

Machi 16

Vilevile.

Machi 19

Mahindi yameota. Mvua inanyesha kila alasiri kama iliyoandikiwa ratiba. Anastasia kapiga simu, kauliza kama huko kuna shule karibu. Nikamwambia ipo, mwendo wa nusu saa kushuka, zaidi kupanda. Akacheka. Zamani hakuwa anauliza habari za shule.

Machi 25

Sahani haikuja leo. Labda Bi Pili anaumwa.

Machi 26

Haumwi. Nimemwona kisimani. "Shikamoo mama." Akamaliza kujaza ndoo kwanza, ndipo akasema marahaba. Sahani haikuja.

Machi 27

Haikuja.

Machi 31

Idi. Mwaka jana hapa nililetewa pilau, na kipande cha nyama kilichokuwa na nyama kweli. Leo nimekaa mlangoni nikasikia harufu ikipita kwenda nyumba nyingine. Watoto wamepita na nguo mpya. Mmoja kaniambia "Idi mubaraka, Mkimbizi." Nikaitika.

Nimepika ugali.

Aprili 3

Nafikiri nimejua sababu. Yale majibu niliyompa Raya yamevuja. Nilisema wananiita Mkimbizi wakikasirika. Mtu kamfikishia Bi Pili kwamba nimewasema kwa watu wa chuo. Kule Katumba ilikuwa hivyo. Ukijibu fomu, wiki ijayo unaitwa.

Nimemweleza Agustino tukiwa na mizigo mgongoni. Akasema, "Mwisho wa Reli, wewe unadhani Bi Pili ana muda wa kusoma fomu? Hata miwani hana." Lakini hakuwa na sababu nyingine ya kunipa.

Aprili 7

Kilima kimeporomoka chini ya kijiji. Njia ya magari imekatika, sasa mikungu tunaibeba hadi ng'ambo ya mto. Mwendo umeongezeka mara mbili. Malipo yamebaki yaleyale. Mabega yangu yamechubuka.

Aprili 9

Mvua.

Aprili 10

Mvua. Maharage ya watu wa bondeni yanaoza kabla ya kutoa maua. Yangu yako kwenye mteremko, yanajikaza.

Aprili 13

Kafika Twalibu. Huyu ni mtoto wa mdogo wake Bi Pili, anaishi Mafiga mjini, ana pikipiki. Pikipiki aliiacha ng'ambo ya mto, akapanda kwa miguu na viatu vyeupe mkononi. Nilikuwa shambani. Hakunisalimia. Alizunguka shamba lote mpakani, taratibu, kama mtu anayetafuta mbuzi. Alipofika kona ya juu akatoa simu, akapiga picha.

Nikamuuliza, "Vipi kaka, unapiga picha mahindi?"

"Napiga picha ushahidi, bro," akasema, akashuka.

Sikuelewa. Niliangalia mahindi. Ni mazuri, lakini si ya kupigwa picha.

Aprili 14

Nilimkuta Bi Pili njiani, na kuni kichwani. Nikataka kumpokea. Akasema, "Acha, nimezoea." Miezi yote hii hajawahi kunikatalia kuni.

Aprili 20

Pasaka. Nimekula kwa Agustino, wali na dagaa. Kanisa lilivuja. Padri alihubiri akihamahama.

Aprili 22

Hii siku nitaiandika yote.

Agustino alikuja kunisaidia palizi, nami nitamsaidia yake. Tulianza chini tukapanda. Saa nne hivi tulifika kona ya juu. Akasimama. Akaviangalia vile vijiti nilivyozungushia.

"Hivi ni vitu gani?"

"Mikarafuu."

"Nani kapanda?"

"Mimi. Nilipewa na Raya."

Akaweka jembe chini, akakaa juu ya mpini. Niliona anataka kucheka, halafu hakucheka.

"Emmanuel," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Bi Pili alikwambia upande mti?"

"Hakuniambia nisipande."

"Hakukwambia pia usimuoe mama yake. Kuna mambo mtu haambiwi."

Ndipo akanieleza. Mtu aliyeazima ardhi ya ukoo hulima kinachovunwa kikaisha. Mahindi, maharage, hata mihogo. Msimu ukiisha, ardhi inabaki tupu kama alivyoikuta, mwenyewe akitaka anaichukua. Mti hauishi msimu. Mti unabaki kusema nani aliupanda. Kwa hiyo kwenye ardhi ya ukoo mti hupandwa na mtu wa ukoo tu. Mgeni akipanda mti, katangaza kwamba ardhi ni yake. Hahitaji kufungua mdomo.

"Wewe umechukua shamba la watu mchana kweupe," Agustino akasema, "tena katikati ya mfungo, huku unakula futari yao."

Nikahesabu siku kichwani. Sahani ilikoma siku kumi na tatu baada ya mimi kupanda. Ndizo siku alizochukua Bi Pili kufika kona hii.

Nikainama nishike mche wa kwanza. Agustino akanidaka mkono.

"Usiung'oe. Umeshapigwa picha. Ukiung'oa sasa utakuwa mwizi wa kuku aliyetupa kuku, manyoya yamebaki kwenye shati."

"Nifanye nini?"

"Nenda kwa mama mwenyewe. Kabla hujaitwa."

Tulimaliza palizi. Sijui kwa nini tulimaliza, lakini tulimaliza.

Aprili 23

Nilikwenda asubuhi. Bi Pili alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikasalimia, nikachuchumaa. Hakuniambia nikae kwenye kigoda.

"Mama, nimekuja kwa habari ya ile miche."

"Miche gani?"

"Ya mikarafuu. Nimeipanda bila ruhusa. Sikujua desturi."

Akaendelea kupeta. "Niliiona tangu mfungo. Nikasema nisubiri, labda atakuja aseme mwenyewe. Nikasubiri Idi ikapita. Nikasema labda anaona haya. Nikasubiri. Wewe ukawa unanisalimia tu, shikamoo mama, shikamoo mama, kama mtu asiye na neno."

"Nilikuwa sijui kama kuna neno."

Akanitazama. Nadhani aliniamini, na nadhani kuniamini kulimchosha zaidi.

"Kwenu watu hupanda miti kwenye ardhi ya wenzao?"

"Kwetu hapakuwa na ardhi ya mtu, mama. Ilikuwa ya makazi. Ukipewa eneo, unapanda."

"Na mkifukuzwa?"

"Miti inabaki."

Akatupa mchele mbovu kwa kuku. Akasema Twalibu kampelekea picha kwenye simu kaka yake Bi Pili. Kaka yake ni Mzee Luqmani, ndiye msemaji wa ukoo, mjomba wa Twalibu. Ameitisha kikao Jumapili. Twalibu anataka shamba lichukuliwe kwangu mara moja, mahindi yakiwa yamesimama, apewe yeye. Ana haki ya kuomba, mama yake na Bi Pili ni tumbo moja, na Bi Pili hana mtoto wa kike.

"Atalima?" nikauliza.

"Twalibu? Mikono ile? Ataliuza kwa watu wa mjini wanaotafuta pa kujenga nyumba za kupumzikia."

Nikaondoka. Nilisahau kuaga, nikarudi kuaga.

Aprili 24

Anastasia kapiga. Sijamwambia. Kasema ameshauza cherehani ya zamani. Nikamuuliza kwa nini ana haraka. Akasema, "Misimu miwili si ndiyo hii?"

Aprili 26

Mvua kutwa. Nimelala.

Aprili 27

Kikao kilikuwa kwa Mzee Luqmani, barazani. Yeye kwenye kiti, Bi Pili mkekani pamoja na wanawake wawili wa ukoo, wazee kuliko yeye. Twalibu kaegemea nguzo. Mimi nikapewa kigoda karibu na ngazi, nusu yangu ikiwa inalowa.

Mzee Luqmani ni mtu wa sauti ya chini. Alisoma dua, akauliza habari za njia iliyokatika, akauliza kama wote tumekula. Kisha akamwambia Twalibu atoe aliyonayo. Twalibu akapitisha simu. Wale bibi wawili waliishika kwa zamu. Mmoja akauliza, "Mbona mti mdogo hivi?" Twalibu akasema, "Bibi, utakua."

"Huyu jamaa tulimpa kipande ale," Twalibu akasema. "Sasa anapanda karafuu. Karafuu, mjomba, mti unaoishi kuliko mimi na wewe. Kesho anamleta mke, keshokutwa watoto wanasema baba kazika mizizi hapa. Hawa watu wanajua. Walishapewa nchi moja bure, sasa wanataka na milima."

Hakuna aliyemnyamazisha. Nami sikuona ajabu. Nilishasikia makali kuliko hayo kutoka kwa watu wasionijua. Twalibu angalau alikuwa na picha.

Mzee Luqmani akanigeukia. "Emmanuel. Nani alikutuma upande mti pale?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kusema ukweli, kwamba nilipewa zawadi, sikujua, naomba radhi, nipewe muda nivune. Agustino alinifundisha maneno. Nikafungua mdomo.

Bi Pili akasema, "Mimi."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Miche ni yangu," akasema. "Nilimtuma kibarua wangu apande. Kuna tatizo mtu kupanda mti kwenye ardhi ya mama yake?"

"Mama mkubwa," Twalibu akasema, "si ulisema mwenyewe kwamba..."

"Nilisema nini? Mbele ya nani?"

Twalibu akamtazama mjomba wake. Mzee Luqmani hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa anatazama matone. Akaniuliza tena, polepole.

"Alikutuma?"

Nilielewa kinachotakiwa. Nilielewa pia bei yake. Mtu aliyeazima ana neno, dogo lakini analo. Anatoa ngoto, anajulikana anakaa pale kwa makubaliano, hawezi kutolewa mahindi yakiwa shambani bila watu kuuliza. Kibarua hana hilo. Kibarua ni mkono wa mwenye shamba. Nikikataa, napoteza shamba leo, na Bi Pili anakuwa mwongo mbele ya kaka yake. Nikikubali, sikuwahi kuwa na shamba.

"Ndiyo baba," nikasema. "Alinituma."

"Kama nani?"

"Kama kibarua wake."

"Na ile ngoto ya mwaka jana? Kuku na debe, nilisikia."

Bi Pili akajibu yeye. "Zawadi ya sikukuu. Mtu akileta kuku, mmrudishie?"

Yule bibi aliyeuliza habari za mti mdogo akacheka kidogo, akajifunika mdomo kwa khanga.

Mzee Luqmani akasema, "Basi hapa hakuna mpangaji na hakuna ngoto. Kuna mtu na kibarua wake. Ukoo hauna kesi. Twalibu, weka simu mfukoni, italowa."

Nina hakika hakuamini hata neno moja.

Tulishuka mimi na Bi Pili njia moja, yeye mbele. Nikatafuta la kusema. Akasema bila kugeuka, "Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Yule mtoto anataka kunizika kabla sijafa." Hatua chache mbele akasema, "Mavuno tutagawana nusu kwa nusu, kama watu na vibarua wao. Na mbolea ya mikarafuu utatoa kwenye zizi langu, usiinunue."

Aprili 28

Mizigo.

Mei 2

Mizigo. Jioni Bi Pili kaleta sahani. Haikuwa mfungo wala sikukuu. Kisamvu.

Mei 9

Mvua inapungua. Njia bado.

Mei 14

Nilitegemea watu watanidharau zaidi. Imekuwa kinyume na sijui niiandikeje. Nilipokuwa nalima kwa ngoto, mtu akinikuta njiani aliniuliza nakwenda wapi. Sasa wananiuliza Bi Pili hajambo. Mwenye duka kanikopesha mafuta bila kuniangalia mara mbili, akasema, "Wewe si mtu wa Bi Pili?" Wakati ule walijua natafuta nini, ndiyo maana waliniogopa. Sasa sitafuti kitu, nina mwenyewe.

Twalibu kapita leo. Kanisalimia. "Vipi, kibarua." Nikamwambia poa.

Mei 21

Kafa yule bibi aliyecheka kwenye kikao. Asubuhi kaja mtu mlangoni, "Mtu wa Bi Pili, chukua jembe." Tulichimba wanaume sita kwa zamu. Mwaka mzima uliopita nilikuwa nahudhuria misiba nikikaa nyuma na wageni. Leo nilikuwa ndani ya kaburi hadi mabegani, Mzee Luqmani akinielekeza nisawazishe upande wa kibla. Udongo ulikuwa mzito wa mvua. Tulipomaliza nikapewa maji ya kunawa pamoja na wengine, kwa zamu yangu, si mwishoni.

Juni 3

Maharage yamekomaa. Tumeng'oa kwa siku mbili, mimi na Bi Pili. Ya bondeni yote yameoza, watu wanakuja kuomba mbegu kwake naye anawaambia hana.

Juni 4

Nusu yake nimempelekea.

Juni 12

Njia imefunguliwa, Raya karudi. Ana maswali ya awamu ya pili.

"Ardhi unayolima: yako, ya kukodi, ya kuazima, ama unalima kwa kibarua?"

"Kibarua."

Akaangalia majibu ya Machi. "Ulisema ya kuazima. Ngoto."

"Imebadilika."

Akabonyeza kibarua. Kishikwambi kikaruka. Aliniambia maswali ishirini na mawili ya ardhi hayaulizwi vibarua. Tukawa tumefika kwenye afya.

Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia azime kile kidude. Nikamsimulia yote. Miche, sahani, picha, kikao. Alikaa akiwa ameshika kichwa. Alisema hakujua. Nikamwambia mimi pia sikujua, tuko sawa, tofauti yetu ni nani alikuwa na shamba.

"Lakini hili ndilo hasa tulilokuja kulitafuta," akasema. "Halimo kwenye maswali yangu hata moja. Niruhusu niliandike."

"Ripoti inasomwa na nani?"

"Wizara. Wafadhili. Itarudishwa na kijijini, tutafanya mkutano wa matokeo."

"Mzee Luqmani atakuwepo?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi usiandike. Bi Pili alisema uwongo mbele ya ukoo. Ukiliweka kwenye karatasi, uwongo unakuwa wake peke yake."

Akaniomba daftari. Nikamwambia lilinyeshewa wakati wa kuporomoka kwa kilima. Akajua namdanganya. Hakung'ang'ania. Aliniuliza swali la mwisho, ambalo alitakiwa kuniuliza: kutoka moja mpaka tano, najisikia ni sehemu ya jamii hii kiasi gani? Machi nilijibu mbili. Nikamwambia aandike nne. Akataka kujua kwa nini. Nikamwambia kwa sababu nimechimba kaburi. Hakukuwa na kisanduku cha hilo.

Juni 15

Nimemweleza Anastasia. Nilitembea hadi juu ya mwamba ambako simu haikatiki, nikamweleza tangu mwanzo. Nikamwambia asije. Shamba si langu tena, hata la kuazima si langu, nikifukuzwa nafukuzwa kwa neno moja. Vibarua hata Katumba vipo.

Akaniomba nirudie habari ya kikao, nikarudia.

"Huyo mama alidanganya mbele ya kaka yake," akasema, "ili usifukuzwe?"

"Ili Twalibu asipate shamba."

"Sawa. Lakini angeweza kumnyima Twalibu na wewe akakuacha ufukuzwe. Akatafuta kibarua mwingine."

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Tangu nizaliwe," akasema, "sijaona mtu wa nje akisema uwongo kwa ajili yetu. Wanasema tu wakimbizi hivi, wakimbizi vile. Mimi nakuja."

"Kuja kuwa nani?"

"Mke wa kibarua. Kwani hapa mimi ni nani?"

Juni 20

Mahindi yanakauka vizuri. Jua.

Juni 28

Nimebeba mahindi, siku ya kwanza ya kuvuna. Mgongo umekataa, nikapumzika mara nyingi kuliko zamani.

Julai 2

Leo nimekwenda kumwambia Bi Pili kwamba mke wangu na mtoto wanafika wiki ijayo. Nilikwenda na gunia lake la mwisho. Nilijiandaa kusikia lolote. Kibarua anaweza kuambiwa chumba ni cha mtu mmoja.

Alikuwa anaanika mahindi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Anajua kulima?"

"Anajua kuliko mimi."

"Basi hilo si neno." Akageuza mahindi kwa mguu. "Kwao maharage yapo?"

"Yapo mama. Ya njano, makubwa."

"Mwambie aje na mbegu. Za hapa zimeoza bonde zima, na zangu zilizobaki hazitoshi vuli."

Nikamuuliza, kwa kuwa ilibidi niulize, azipande wapi.

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza maji yako wapi huku kasimama mtoni. "Shambani," akasema. "Kwani wewe unalima kwa nani?"

Nikasema, kwako mama. Nikatua gunia pale aliponionyesha.